Jeraha la ubongo na misuli isiyoumia

Mtu akianguka na bodaboda akaumia kichwa, au akipatwa na kiharusi, mara nyingi mkono na mguu wa upande mmoja hupooza. Misuli yenyewe haina hata mchubuko, ila amri kutoka kwenye ubongo haiifikii. Jeraha likiwa upande wa kushoto wa ubongo, hupooza kulia, kwa sababu neva nyingi za mwendo huvuka upande kabla ya kuingia kwenye uti wa mgongo.

Misuli ya mifupa, yaani ile tunayoiendesha kwa hiari, ni takribani asilimia 40 ya uzito wa mtu mzima. Isipotumika, huanza kusinyaa ndani ya siku chache. Wazee wenye afya waliolazwa kitandani siku 10 kwa ajili ya utafiti walipoteza karibu kilo 1 ya nyama ya miguu. Aliyeumia kichwa vibaya ana hali ngumu zaidi: mwili wake unachoma nguvu nyingi, homoni za mshtuko zimepanda, na protini ya misuli inavunjwa ili kukidhi mahitaji hayo. Ndiyo maana chakula chake ni sehemu ya tiba.

Kuna jambo ambalo familia nyingi hulifasiri vibaya. Baada ya siku au wiki kadhaa, kiungo kilicholegea huanza kukaza: kiwiko kinajikunja, vidole vinafumba ngumi, kisigino kinapanda. Watu hufurahi wakidhani nguvu zimerudi. Kumbe uti wa mgongo una tabia ya kuamuru msuli ujikaze kila unaponyooshwa, na kazi ya ubongo ni kuituliza tabia hiyo. Ubongo ukishindwa, msuli hubaki umejikaza. Ukikaa umejikunja muda mrefu, nyuzi zake hufupika kweli, mafuta na tishu ngumu huchukua nafasi ya nyama, na kiungo hukataa kunyooka.

Kwa hiyo fiziotherapia isisubiri mgonjwa apone kwanza. Ianze mapema, daktari akisharuhusu: kumgeuza, kumkalisha, kumsimamisha, kumpa kazi ndogo za mkono. Zipo pia dawa za kulegeza misuli, zikiwemo sindano zinazochomwa kwenye msuli wenyewe.

Na tafadhali, msimwinue mgonjwa kwa kuuvuta mkono uliopooza. Misuli inayolishikilia bega imelegea, na bega huchomoka kirahisi.