Kuchipua si kushika mizizi

Wengi wakichomeka kijiti cha mforosadi kwenye kopo la udongo, kisha wakaona majani mapya, huamini mti umeshika. Bado! Majani hayo huota kwa chakula na maji yaliyohifadhiwa ndani ya kijiti chenyewe. Chini huenda hakuna mzizi hata mmoja. Akiba ikiisha yananyauka, na lawama huangukia jua au mbolea. Tafadhali usiking'oe ili kuchungulia, kwani mizizi michanga hukatika upesi mno. Kiache kivulini, udongo uwe na unyevu bila maji kutuama, na majani yakizidi yapunguze, maana ndiyo yanayopoteza maji. Mizizi ikianza kutokeza kwenye matundu ya chini ya kopo, ndipo uhamishe.