Somo alilijua, nauli hakuwa nayo

Nilimwuliza VVU vinaambukizwaje. Akazitaja njia zote, kisha kinga, kwa mpangilio uleule wa daftari la darasa la saba. Ana miaka 16, sare kaifunika kwa kanga, na mezani kipimo cha mimba kilikuwa kimeshatoa mistari miwili.

"Nesi, shule ni mbali. Yeye ndiye alikuwa ananibeba."

Bodaboda. Mama yake huanika dagaa Igombe, kando ya Ziwa Victoria. Giza la mwezi likiingia dagaa hupatikana na nauli ipo. Mbalamwezi ikitoka, mitumbwi inalala na binti anatembea. Au anabebwa.

Mkoa wetu wa Mwanza ulishalipima jambo hili. Mwaka 1999 mradi wa MEMA kwa Vijana ulipeleka elimu ya afya ya uzazi darasa la tano hadi la saba katika jamii 10 za vijijini, na wahudumu wa zahanati wakafunzwa kuwapokea vijana. Jamii nyingine 10 zilibaki za kulinganishia. Mwaka 2007 na 2008 vijana zaidi ya 13,000 wakapimwa. Uelewa ulikuwa umepanda, na ulidumu miaka yote hiyo. VVU havikupungua, wala malengelenge ya sehemu za siri, wala mimba.

Kuna wanaosema basi somo lifutwe. Nawapinga kwa nguvu zangu zote. Somo lilifanya kazi ya somo: lilifundisha. Kulipa nauli si kazi yake, wala kumzuia mwenye pikipiki.

Kitaifa, wasichana wa miaka 15 hadi 19 waliokwisha kuzaa au wenye mimba walikuwa asilimia 27 mwaka 2015/16, wakashuka hadi 22 mwaka 2022. Nafurahi, lakini bado ni zaidi ya mmoja kati ya watano. Na huku kwetu zahanati moja niliyofanyia kazi ilitoa kondomu kwenye dirisha linalotazamana na benchi la kliniki ya watoto, wanapokaa mama wadogo na majirani. Binti gani atasogea pale? Tulihamishia huduma ya vijana Jumamosi mchana, chumba cha nyuma, wakaanza kuja.

Tangu Novemba 2021 aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shuleni. Huyu wangu amejifungua salama, na bibi wa mtoto amekubali kukaa naye mchana, hata siku za kuanika. Tunachohangaikia sasa ni nafasi ya bweni.