Moshi haugeuki jasi kwa chokaa peke yake
Fundi mmoja hapa Mtwara, anayejua jasi ya Kilwa inayotiwa kwenye saruji isigande upesi, aliniambia: "Ujerumani wanaitoa kwenye moshi wa makaa ya mawe. Wanaupiga uji wa chokaa, basi!" Moshi ni kweli. Hilo "basi" ndilo kosa.

Gesi ya salfa iliyomo kwenye moshi huo ikikutana na chokaa, huzaa kwanza salfaiti ya kalsiamu: tope la chembe bapa linalong'ang'ania maji, gumu kukausha. Ili iwe salfeti, yaani jasi, kila salfaiti lazima ipate atomu moja zaidi ya oksijeni. Ndiyo maana hewa hupulizwa chini ya tangi la uji huo, mapovu yakapanda mfululizo. Tangi nalo huachwa na uchachu kidogo, pH karibu 5, maana salfaiti isiyoyeyuka haioksidiki. Manganizi, aina ya metali, kidogo tu huharakisha kazi.

Wenye mikorosho watashangaa: salfa ileile tunayopuliza dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, ikitiwa tangini humo, hugeuka thiosalfeti na kuzuia jasi isitokee. Mitambo mingine ya kusafisha moshi Marekani huitia makusudi, jasi isije ikaganda mabombani.