Kipindupindu: Usimnyime Mgonjwa Maji, Usisubiri Kukuche

Kila kipindupindu kinapoingia mkoani kwetu Mbeya, iwe Kyela baada ya mafuriko, iwe kwenye machimbo ya Chunya, waandishi wa habari hukusanyika mbele ya viongozi na maswali huwa yaleyale. Mkuu wa wilaya hujibu, mganga mkuu hujibu, afisa afya huongezea: dawa zipo, wataalamu wapo, wananchi wasiwe na hofu. Yote hayo ni kweli, lakini hayatoshi. Mimi ni muuguzi, nimefanya kazi kambi za kipindupindu, na nimeyachukua maswali hayohayo niyajibu kama mtu aliyeinama juu ya mkono wa mgonjwa akitafuta mshipa.

Kipindupindu ni nini hasa?

Ni ugonjwa wa kuharisha unaoletwa na bakteria anayeitwa Vibrio cholerae. Anatoka kwenye kinyesi cha mtu mmoja na kuingia kinywani mwa mwingine, kwa maji, kwa chakula au kwa mikono. Haipendezi kusikia, ila ndivyo ilivyo. Dalili huanza ndani ya saa chache hadi siku tano. Choo kinakuwa kama maji yaliyooshewa mchele, kinatoka kwa wingi, mara nyingi bila homa. Hapo kwenye homa ndipo wengi wanapojidanganya: "Mwili hauna moto, ni tumbo tu limechafuka."

Ni ugonjwa wa watu wa Kyela?

Hapana. Janga hili la saba la kipindupindu lilianzia Sulawesi, Indonesia, mwaka 1961, likaingia Afrika mwaka 1970, likafika Tanzania miaka hiyohiyo ya sabini, na mpaka leo halijaisha. Malawi, ng'ambo tu ya Mto Songwe, mlipuko ulioanza Machi 2022 uliua watu zaidi ya 1,700, haijawahi kutokea hivyo katika historia ya nchi hiyo. Zambia, mwanzoni mwa 2024, Uwanja wa Heroes wa Lusaka uligeuzwa kuwa kambi ya wagonjwa. Watu wetu wanavuka mipaka ya Kasumulu na Tunduma kila siku kutafuta riziki. Kumnyooshea kidole mtu wa Kyela hakumzuii bakteria kupanda basi kuja Mwanjelwa.

Serikali inasema dawa zipo. Mbona watu wanakufa?

Wanakufa kwa kuishiwa maji mwilini, na wengi wao maji hayo yangepatikana nyumbani.

Nieleze kisa kimoja. Saa kumi alfajiri ilifika bodaboda, dereva mbele, mke nyuma, mgonjwa katikati akiwa amefungwa kwa kanga asidondoke. Mwanaume wa makamo, mkulima wa mpunga. Macho yalikuwa yameingia ndani. Vidole vimekunjamana kama vya mtu aliyefua siku nzima. Nikabana ngozi ya tumbo, ikabaki imesimama hivyohivyo. Sauti haitoki, mkojo umekatika tangu jioni, misuli ya miguu inakaza mpaka analia bila machozi. Na mkewe, mkononi, ameshika chupa ya maji ya lita moja na nusu. Imejaa. Kizibo hakijafunguliwa.

"Mama, hajanywa?"

"Sista, nimemkatalia tangu jana mchana. Kila akinywa anaenda chooni."

Alikuwa anampenda mumewe, na alikuwa anamuua. Tulimwekea dripu mikono yote miwili. Mtu wa kilo 60 aliyekauka kiasi kile anahitaji lita sita ndani ya saa tatu, yaani chupa kumi na mbili za nusu lita, na karibu lita mbili kati ya hizo ziingie nusu saa ya kwanza. Ilipofika saa moja asubuhi akafungua macho, akaomba uji. Huyo alipona. Wapo walioletwa jua limeshachomoza, na hao hatukuwawahi.

Lakini akinywa si kweli anazidi kuharisha?

Hapana. Hapana. Hapana. Swali hili nimeulizwa na wazee, na vijana waliosoma, hata na mtu aliyevaa koti jeupe dukani kwake.

Bakteria huyu anatoa sumu inayofanya utumbo uyamwage maji ya mwili. Yatamwagika, unywe usinywe. Ukimnyima maji hujafunga bomba, umezuia tu tangi lisijazwe. Mgonjwa aliyezidiwa anaweza kupoteza hadi lita nzima kwa saa moja. Piga hesabu mwenyewe kutoka magharibi hadi alfajiri.

Sukari na chumvi zikiingia pamoja, utumbo bado unaweza kuzifyonza na maji yakafuata humohumo, hata kama sumu ipo. Hiyo ndiyo siri ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari unaokorogwa kwenye maji. Mwaka 1971, wakimbizi waliokimbia vita ya Bangladesh walijazana katika kambi ya Bangaon, India, kipindupindu kikawafyeka na dripu zikakaribia kwisha. Daktari mmoja, Dilip Mahalanabis, akaamua kuchanganya chumvi na sukari kwenye maji, akawapa ndugu wa wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Kati ya wagonjwa 100 walikuwa wanakufa karibu 30. Wakawa hawafiki wanne. Walionywesha hawakuwa wauguzi. Walikuwa mama, kaka, shangazi, watu kama wewe.

Basi mpe anywe. Akitoka chooni, anywe. Akirudi tena, anywe tena.

Akitapika je?

Subiri dakika kumi, kisha mpe tena, polepole, kijiko kwa kijiko. Hata akitapika, kuna kiasi kinachobaki. Mtoto anyonye, asiachishwe ziwa hata saa moja, na ORS apewe juu yake. Mtoto chini ya miaka miwili apewe robo hadi nusu kikombe kila anapoharisha. Mkubwa anywe kadiri anavyoweza. Watoto hupewa pia vidonge vya zinki. Wakikupa hospitali, mmalizie siku zote ulizoandikiwa.

Na kama ORS haipo nyumbani?

Lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Koroga, onja: isizidi chumvi ya machozi. Ikizidi, mwaga uanze upya, maana chumvi nyingi ni hatari, hasa kwa mtoto. Pakiti ya ORS nayo kwa kawaida ni ya lita moja, siyo ya glasi. Nimekuta watu wameimimina nzima kwenye kikombe cha chai. Na iliyokaa zaidi ya siku moja, mwaga.

Haya ni maji ya njiani, wakati unampeleka kituoni. Siyo ruhusa ya kubaki nyumbani.

Tumezoea Flagyl na vidonge vya rangi mbili. Kuna ubaya?

Upo, na mkubwa. Mtu ananunua vidonge viwili vitatu, anameza, anajilaza akisubiri vifanye kazi, na hanywi chochote. Kinachomuua siyo kukosa kidonge. Hata dawa sahihi ya bakteria hawa, ambayo daktari atamwandikia anayestahili, hupunguza tu wingi na siku za kuharisha. Hairudishi lita alizopoteza. Dawa za kufunga choo ndiyo usiziguse kabisa. Kuhusu wanaoanzia kwa mganga wa kienyeji kwa sababu mgonjwa "amewekewa kitu" kilabuni, sina maneno mengi: mpitishe kwetu kwanza.

Kwa nini viongozi husema "kuhara na kutapika" badala ya kutaja jina?

Jina huthibitishwa na maabara, bakteria wa kwenye choo wakishaoteshwa wakaonekana. Mwandishi ana haki ya kuliulizia jina hilo, na kiongozi ana wajibu wa kulitaja likishapatikana. Ila wewe uliye nyumbani usingoje tangazo. Hakuna ugonjwa wa kuharisha unaotibiwa kwa kumkausha mtu. Jina liwe limetangazwa au halijatangazwa, mpe anywe, mlete.

Watu wanasema kambini watu huenda kufia.

Wanasema hivyo kwa sababu wanaletwa wakiwa wa kufa. Mgonjwa aliyezidiwa akiachwa bila matibabu, nusu ya kama yeye hufa. Akitibiwa vizuri na mapema, hafi hata mmoja kwa mia. Ni ugonjwa uleule na kambi ileile, tofauti ni saa aliyofika. Matibabu ya kipindupindu ni bure. Kitanda chenye tundu katikati na ndoo chini yake kinawaogopesha watu, wanadhani ni dharau. Ni kwa ajili ya kupima anapoteza kiasi gani, ili tujue tumrudishie kiasi gani.

Kuzuia wali wa msibani si kuvunja mila?

Najua msiba wa Kinyakyusa ulivyo. Ndugu wanatoka Tukuyu, Busokelo, Dar es Salaam, ng'ombe anachinjwa, watu wanakaa siku kadhaa. Lakini aliyekufa kwa kipindupindu, mwili wake na nguo zake bado vina bakteria. Wanaomwosha wakitoka hapo wakaenda kupakua wali, baada ya siku mbili tunapokea wagonjwa kutoka vijiji vitano, wote walikuwa msiba mmoja. Ndiyo maana afisa afya anasimamia kuosha na kuzika. Lieni, ombeni, mzikeni ndugu yenu kwa heshima. Chakula mkale makwenu.

Huku milimani maji ni ya baridi na masafi. Tunayachemsha ya nini?

Ubaridi hauui bakteria, na uangavu siyo usafi. Kijito cha Rungwe kinachong'aa mgombani, hapo juu kuna kaya yenye choo pembeni yake. Chemsha mpaka yatokote kweli, viputo vikubwa, dakika nzima. Kwa wenzetu wa juu kabisa, Kitulo na Makete, ambako maji huchemka kabla joto halijapanda sana, acha yatokote dakika tatu. Vidonge vya kutibu maji navyo vinafaa: soma kwenye pakiti kidonge kimoja ni cha lita ngapi, kisha subiri nusu saa kabla ya kunywa. Chota kwa kata yenye mpini, mkono usiingie ndooni. Na lile kopo moja linalozunguka kilabuni, kila mtu akipiga funda, jamani liacheni.

Ndoo za kunawia zilizowekwa kila mahali zimekwenda wapi?

Mwandishi aliyeuliza hili nilitamani kumpa mkono. Mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 alipotangazwa nchini Machi 16, 2020, ndani ya wiki chache kila duka, kila stendi na kila kanisa lilikuwa na ndoo yenye koki na sabuni, na vijijini vibuyu chirizi. Tulinawa kwa kweli. Siku hizi ndoo zipo, nyingine zimepandwa maua. Mama lishe wengi ninaowajua wangezirudisha kesho kama halmashauri ingewafikishia maji pale wanapouzia. Kuwafungia biashara kila mlipuko ukitokea na kuwafungulia bila bomba ni kuzunguka palepale.

Chanjo ipo?

Ipo, ya kunywa. Duniani ilikuwa chache, mpaka mwezi Oktoba 2022 ikaamuliwa wakati wa milipuko watu wapewe dozi moja badala ya mbili. Ikija kwenye kata yako, inywe. Isipokuja, vyoo na maji salama haviihitaji.

Ni usiku, zahanati iko mbali, usafiri hakuna. Tusubiri kukuche?

Msisubiri. Gonga mlango wa mwenye bodaboda, mwamshe mwenyekiti wa kitongoji, mtafute mhudumu wa afya ngazi ya jamii, piga 199, ni bure. Mkiwa mnahangaikia usafiri, mtu mmoja kazi yake iwe moja tu: akae na mgonjwa na kikombe. Njiani akikaa katikati kwenye pikipiki, chupa ishikwe na wa nyuma, msimame kila baada ya dakika chache anywe. Kama amezimia au hawezi kumeza, hapo msimmiminie kitu mdomoni. Mlazeni ubavu, kimbieni.

Mkifika kwangu na chupa tupu, nitafurahi.