Kizuia theluji ni nini?

Kizuia theluji ni kifaa kinachofungwa juu ya paa, aghalabu karibu na ukingo wa chini, ili theluji iliyorundikana isiporomoke kwa mkupuo mmoja. Hakiondoi kitu juu ya paa. Kinaishika theluji palepale mpaka iyeyuke na kushuka taratibu ikiwa maji.

Theluji ikidondoka kutoka mawinguni ni nyepesi kama sufi, ndiyo maana watu huidharau. Ikilala siku kadhaa hushikamana, na mita moja ya ujazo inaweza kufika kilo 200 au 300. Ikilowa, huzidi hapo. Chukua paa lenye mita 6 kutoka kileleni hadi ukingoni, lililofunikwa theluji ya sentimita 30 yenye kilo 200 kwa mita ya ujazo. Kila mita moja ya upana wake imebeba kilo 360. Mzigo huo ukimshukia mtu aliyesimama upenuni akitafuta funguo mfukoni, hana pa kukimbilia. Na ikishatua, theluji hukaza. Aliyefukiwa hukosa pumzi upesi.

Kinachoiporomosha ni maji kidogo tu. Joto la ndani likipenya dari, au jua likipiga bati, tabaka la chini huyeyuka na kuwa utelezi. Kwa hiyo saa ya kuogopa zaidi ni baada ya dhoruba, jua linapochomoza na kila mtu anatoka nje. Bati laini huteleza kuliko vigae.

Vizuizi vyenyewe ni vya namna nyingi: vyuma vilivyolazwa kama reli, au meno madogo yaliyotawanywa paa zima. Zamani, katika milima ya Alps, watu waliweka magogo na mawe.

Jambo linalopuuzwa mno ni ufungaji. Paa likiinama nyuzi 30, nusu ya uzito husukuma kuelekea chini. Katika mfano wetu ni kilo 180 kwa kila mita. Gundi peke yake siiamini hata kidogo. Skrubu ziingie kwenye mbao za paa, au vibanio vishike mikunjo ya bati, na paa refu lipewe safu kadhaa. Wengine hufunga kipande kifupi juu ya mlango tu; theluji ya pembeni nayo hukiegemea, kikang'oka pamoja nayo.

Kabla ya yote, fundi ahakikishe kenchi zinauweza mzigo, maana sasa theluji itakaa juu muda mrefu zaidi. Kama haziwezi, mlango uhamishiwe upande ambao paa haliteremki, au njia ya chini ya ukingo izungushiwe uzio majira yote ya baridi. Gari, mita ya gesi na paa la chini la jirani navyo vikumbukwe.