Mwambie Daktari Unafanya Kazi Gani

Mgonjwa akifika kliniki hapa Kisumu huulizwa jina, umri, anakotoka na kinachomuuma. Kazi yake, ikiulizwa, huandikwa kwa neno moja: "biashara", "fundi", "kibarua". Mama anayeuza nguo soko la Kibuye na mama anayekaanga mgongo wazi, yaani mifupa ya samaki, kule mtaa wa Obunga wote ni "biashara", ilhali hewa wanayovuta kutwa ni mbalimbali kabisa.

Tabibu Mwitaliano, Bernardino Ramazzini, aliwahimiza wenzake tangu mwaka wa 1700 wamuulize kila mgonjwa anafanya kazi gani. Zaidi ya miaka 300 imepita na sisi wahudumu wa afya bado tunalisahau swali hilo. Basi lijibu hata kabla hujaulizwa.

Mtazame huyo mama wa mgongo wazi. Mifupa ya samaki aina ya mbuta iliyokwisha kutolewa minofu humfikia kutoka viwandani, naye huikaanga juu ya moto wa kuni, mara nyingi ndani ya kibanda cha mabati ambacho moshi hauna pa kutokea. Anakohoa. Anapewa antibiotiki, anarudi motoni, anakohoa tena. Kipimo cha TB lazima afanyiwe, hilo halina mjadala. TB isipoonekana, swali langu huwa hili: ukikaa nyumbani siku mbili tatu, kifua kinatulia? Kikitulia ukipumzika na kubana tena ukirudi kazini, umetupa habari kubwa. Leso puani haizuii chembe ndogo za moshi. Kinachosaidia ni kutoa moto nje au kufungua upande mmoja wa kibanda, kutumia kuni zilizokauka vizuri, na kupokezana zamu.

Kwa mafundi wa kuchomelea vyuma, shida huchelewa kujitokeza, ndiyo maana inawapotosha. Mtu anachomelea geti mchana bila kinga, anakula chakula cha jioni salama, kisha usiku macho yanawaka kana kwamba yametiwa mchanga. Mwanga ule una miale isiyoonekana inayounguza ngozi nyembamba ya juu ya jicho. Wapo wanaobandika vipande vya viazi, wapo wanaotia maziwa. Kiazi kinapoza tu; maziwa yanaweza kuingiza viini. Kwa kawaida jicho hupona kwa siku moja au mbili likipumzishwa. Kinachoniudhi zaidi ni matone ya kutia ganzi yanayonunuliwa dukani: maumivu yanaisha, fundi anarudi kazini, na jicho linachelewa kupona au linaharibika zaidi. Miwani ya jua ya kando ya barabara haitoshi. Kinachotakiwa ni kofia au ngao yenye kioo maalum cha kuchomelea, naye kijana anayeshikilia chuma apewe yake. Huyo ndiye husahaulika.

Anayepuliza dawa shambani, iwe mpunga Ahero au maua Naivasha, akipatwa na jasho jingi, mate mengi na macho kuona ukungu, akimbizwe hospitali pamoja na kibandiko cha dawa aliyotumia, au picha yake.

Kuna madhara yasiyoacha kovu. Mlinzi anayeingia saa kumi na mbili jioni na kutoka saa kumi na mbili asubuhi, siku zote saba, anafanya saa 84 kwa wiki. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walieleza mwaka wa 2021 kwamba anayefanya saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35 kuliko anayefanya saa 35 hadi 40. Mlinzi huyo akija kwetu hasemi ana sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Anasema kichwa kinauma, moyo unaenda mbio, usingizi hauji. Huku kando ya ziwa malaria ipo kweli, kwa hivyo apimwe. Lakini akipimwa mara ya tatu na kukosa kitu, halafu akaondoka na dawa ya taifodi, hapo tumekwepa kazi yetu. Tulipaswa kumuuliza analala saa ngapi, ana deni gani, na mkubwa wake humsemesha vipi. Na aliyefika pa kuwaza kujitoa uhai asingoje siku ya kliniki. Aletwe leo, na asiachwe peke yake.

Ratiba hiyo isiyo na mapumziko inavunja sheria pia: Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mwajiriwa angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Sheria ya fidia ya majeraha kazini, ya mwaka huo huo, inagusa magonjwa yatokanayo na kazi, si ajali peke yake. Fundi wa jua kali aliyejiajiri hana wa kumdai, na hilo ni pengo ambalo wanasiasa hawapendi kulizungumzia.

Mwajiriwa naye anahitaji ushahidi, na ushahidi huanzia katika kile kitabu cha mazoezi unachonunua kabla ya kuingia kwa daktari. Hakikisha kimeandikwa unashika nini, unavuta nini, unaanza saa ngapi, na ugonjwa ulianza lini tangu uingie kazi hiyo. Mhudumu akisema hakuna nafasi, mwonyeshe ukurasa unaofuata.