Je, wajua kwa nini Firauni mmoja, mfalme wa Misri ya kale, alizikwa na vitunguu machoni?

Mwaka 1898, katika Bonde la Wafalme nchini Misri, Mfaransa Victor Loret aliingia kaburi la Amenhotep wa Pili akakuta chumba cha pembeni kimejaa wafalme wengine. Makuhani wa kale walikuwa wamewahamishia humo ili wezi wa makaburi wasiwafikie. Mmoja wao ni Ramses wa Nne, aliyefariki karibu mwaka 1149 kabla ya Kristo. Maiti yake ilipochunguzwa, kwenye matundu ya macho mlikutwa vitunguu viwili vidogo. Vitunguu maji, hivi hivi tunavyokatia kachumbari.

Maiti za wakubwa zilikaushwa kwa chumvi ya jamii ya magadi, na macho yakasinyaa. Pengo lile lilizibwa, mara nyingi kwa vitambaa, pengine kwa mawe. Sasa mfalme mzima, mwenye dhahabu zake, apewe kitunguu?

Wataalamu wana maelezo kadhaa. La kwanza utaliona ukikikata kwa upana: duara ndani ya duara ndani ya duara, kama kitu kisicho na mwanzo wala mwisho. Inasemekana Wamisri waliuona umilele humo. La pili ni ukali wake. Kisu kikipita, kitunguu hutoa gesi yenye salfa ambayo ikifika jichoni huwasha, nawe unabubujikwa na machozi bila kufiwa. Kinachomliza aliye hai, huenda waliwaza, hakishindwi kumshtua aliyelala kaburini avute pumzi tena.

Mimi navutiwa zaidi na jambo linalojulikana na kila mwenye kikapu jikoni. Kisahau kitunguu chini ya meza, bila udongo wala tone la maji, na baada ya wiki kadhaa kitachomoza jani la kijani. Kwa watu walioamini kwamba maiti atainuka, mfano gani mwingine ungewatosha?

Na hakikuwa chakula cha wafalme peke yao. Mwanahistoria Mgiriki Herodotus, aliyefika Misri karne ya 5 kabla ya Kristo, aliambiwa na mkalimani wake kwamba maandishi kwenye piramidi kubwa yalitaja talanta 1,600 za fedha (talanta ni kipimo cha kale cha uzito) zilizotumika kuwanunulia wajenzi figili, vitunguu na vitunguu saumu. Piramidi ilikuwa na umri wa miaka 2,000 wakati huo, na watembeza watalii tunawajua, kwa hiyo hesabu hiyo ipokee kwa tahadhari. Hamu yenyewe lakini ina mashahidi wengine: Wana wa Israeli walipochoka na mana jangwani, walivililia vitunguu vya Misri. Habari hiyo imo katika Biblia, Hesabu 11:5, na katika Qurani, Suratul Baqara aya ya 61, vitunguu vimo kati ya mazao waliyomwomba Musa.

Hadi leo, Jumatatu inayofuata Pasaka ya Wakristo wa Kikopti, Wamisri wa dini zote husherehekea Sham el-Nessim, sikukuu ya kupokea majira ya kuchipua. Familia hutandika mikeka bustanini na kando ya mto Nile, wakala mayai ya rangi na samaki wa chumvi mwenye harufu ya kukimbiza paka. Pembeni huwekwa fungu la vitunguu vibichi, majani yake yakiwa bado ya kijani.